Nyenzo za mwili: zijenge kwa mbao, zipime, kisha zitumie uwanjani

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, ukikaribia, walimu wa michezo na makocha wa Mtwara na Lindi huuliza maswali yale yale. Mkono ni nyenzo ya daraja gani? Kama nyenzo hurahisisha kazi, mbona msuli unachoka kwa mzigo mdogo? Kijana mwenye mikono mirefu apelekwe kwenye tufe au kwenye mkuki? Kwa nini mkimbiaji anaambiwa akunje goti?

Yote hayo yanajibiwa na kitu kimoja: umbali kutoka kwenye kiungo. Mwongozo huu unakuonyesha umbali huo kwa mbao, mizani na chupa ya maji, kisha unaupeleka uwanjani. Kielelezo kinajengwa kwa mchana mmoja, na vipimo vya mwili vinatosha kipindi kimoja cha mazoezi. Ukimaliza utaweza kumsahihisha mchezaji bila kumwongezea hata kilo moja. Kocha anayeongeza uzito kabla ya kuangalia umbali ndiye anayejaza vijana maumivu ya viwiko na viuno.

Nadharia ya kutosha kuanzia

Nyenzo ni ufito unaozunguka kwenye egemeo ili jitihada inyanyue mzigo. Katika mwili, egemeo ni kiungo: kiwiko, goti, bega. Jitihada ni mvuto wa msuli, na unahesabiwa pale kano inaposhika mfupa, si pale msuli unapotuna. Mzigo ni unachobeba pamoja na uzito wa mkono au mguu wenyewe. Daraja linajulikana kwa kuangalia kilicho katikati: egemeo likiwa katikati ni daraja la kwanza, mzigo ni la pili, jitihada ni la tatu.

Kanuni ni moja: jitihada mara umbali wake kutoka egemeo ni sawa na mzigo mara umbali wake. Umbali unapimwa kwa pembe mraba, kutoka egemeo hadi kwenye mstari wa mvuto. Nyenzo nyingi za mwili ni za daraja la tatu, na kano hushika karibu sana na kiungo. Kwa hiyo msuli huvuta kwa nguvu kubwa kuliko mzigo wenyewe. Mtaliano Giovanni Alfonso Borelli (1608–1679) alilionyesha hilo kwa hesabu zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na bado wengi wanadhani ni kinyume. Nguvu inayopotea hapo inarudi kama mwendo na kasi, na utaiona kwenye hatua ya 5.

Mahitaji

- Mbao mbili zenye upana wa sentimita 4 na unene wa sentimita 2: moja ya sentimita 60 (mkono wa juu), nyingine ya sentimita 40 (kigasha, yaani sehemu ya kiwiko hadi kiganja).
- Boliti moja ya milimita 6 yenye urefu wa sentimita 6, nati mbili na washa tatu.
- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 25, kama ile ya wauza samaki sokoni. Iwe na alama za gramu 100 au chini ya hapo.
- Chupa ya maji ya lita 1 na ya nusu lita. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo huhitaji mawe ya mizani.
- Mita 2 za mshipi mnene wa kuvulia.
- Futi kamba, kipimapembe, pima maji ya fundi mwashi, peni ya wino mzito.
- Mizani ya kusimamia, na kipande cha mbao chenye kimo sawa nayo.
- Simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole.

Sehemu ya kwanza: kielelezo cha mkono

1. Toboa kigasha. Weka tundu la milimita 6 sentimita 2 kutoka ncha moja. Hicho ndicho kiwiko. Kuanzia katikati ya tundu hilo, pima na toboa matundu madogo ya milimita 4 kwenye sentimita 4, 8, 16 na 32. Usipime kutoka ncha ya mbao. Kosa hilo la sentimita 2 linaharibu tundu la kwanza kwa nusu nzima, na ndilo tundu muhimu kuliko yote.

2. Simamisha mkono wa juu. Funga mbao ya sentimita 60 kwenye mguu wa dawati au nguzo ya dirisha kwa kamba mbili, juu na chini, isicheze. Toboa tundu la milimita 6 kwenye kimo cha sentimita 45 kutoka sakafuni ili chupa ipate nafasi ya kuning'inia.

3. Unganisha. Pitisha boliti: washa, kigasha, washa, mkono wa juu, washa, nati. Kaza nati ya kwanza mpaka kigasha kianguke chenyewe kikiachiwa, kisha uifunge kwa nati ya pili. Kikibaki hewani umekaza mno, na mizani itapima msuguano wa boliti badala ya nyenzo.

4. Soma mizani. Funga mshipi kwenye tundu la sentimita 4 na uning'inize kwenye ndoano ya mizani. Vuta wima, taratibu, hadi pima maji ionyeshe kigasha kimelala sawa. Andika usomaji wa kigasha kitupu. Kwa mbao ya paini ya vipimo hivi utakuwa karibu na kilo 0.7. Sasa tundika chupa ya lita 1 kwenye tundu la sentimita 32, vuta tena, na utoe ule usomaji wa kwanza. Utapata takriban kilo 8. Hamisha mshipi tundu kwa tundu, ukianza kila mara na kigasha kitupu: kwenye sentimita 8 utapata kilo 4, kwenye 16 kilo 2, kwenye 32 kilo 1.

   Waache wanafunzi wavute wenyewe. Mtoto aliyeona chupa ya kilo moja ikidai kilo nane hasahau tena.

5. Pima mwendo. Rudisha mshipi kwenye sentimita 4. Kigasha kikiwa kimelala, pandisha mshipi sentimita 2 ukiuweka wima. Pima tundu la sentimita 32 limepanda kiasi gani: ni sentimita 16. Msuli umejikunja kidogo, kiganja kimesafiri mara nane ya hapo, kwa muda ule ule. Kurusha, kupiga mpira na kutupa mkuki kunategemea biashara hii.

6. Pima pembe. Badilisha chupa, weka ya nusu lita. Vuta wima: kilo 4 baada ya kutoa kigasha kitupu. Sasa lalisha mshipi kuelekea kwenye boliti mpaka uwe na nyuzi 30 na kigasha, ukikiacha kimelala vile vile. Mizani itasoma kilo 8, mara mbili. (Usomaji wa kigasha kitupu uchukuliwe kwa pembe hiyo hiyo.) Hii inaeleza kwa nini mkono ulionyooka kabisa ni dhaifu kuanza kunyanyua, na kwa nini anayening'inia kwenye chuma huteseka zaidi sentimita chache za mwanzo.

7. Geuza daraja. Chupa iwe kwenye sentimita 8, mshipi kwenye 32. Kwa lita 1 mizani inasoma robo kilo, usomaji wa kitupu ukishatolewa. Hiyo ni nyenzo ya daraja la pili, kama toroli. Weka matokeo haya kando ya yale ya hatua ya 4, maana yanahitajika kwenye swali la kisigino.

Sehemu ya pili: vipimo vya mwili wenyewe

8. Kiwiko. Mchezaji akunje kiwiko nyuzi 90, kiganja juu, akaze. Gusa kano nene kwenye mkunjo wa kiwiko. Kwa mtu mzima, mstari wa mvuto wa kano hiyo upo takriban sentimita 4 kutoka katikati ya kiungo. Pima kutoka kiwiko hadi katikati ya ngumi, mara nyingi sentimita 30 hadi 36. Gawa namba ya pili kwa 4 upate kuzidisha kwa mchezaji huyo. Mwenye sentimita 35 anayeshika kilo 5 anavuta kama kilo 44, bado hujahesabu uzito wa kigasha.

   Msuli wa nyuma ya mkono, unaonyoosha kiwiko, una umbali mdogo zaidi, kama sentimita 2 hadi 2.5, nao uko upande wa pili wa kiungo. Hiyo ni daraja la kwanza. Kumbuka umbali huo utakapofika kwenye tufe.

9. Kisigino. Hapa ndipo penye mabishano mengi, hata kati ya walimu. Kusimama kwa vidole ni daraja la pili: egemeo ni mpira wa unyayo (sehemu nene nyuma ya vidole), mzigo unashuka kwenye kifundo, jitihada ni kano ya kisigino. Kwenye mtihani andika hivyo, ni sahihi. Ila watu wengi huongeza kwamba basi msuli wa shavu la mguu unavuta nguvu ndogo kuliko uzito wa mwili. Hilo si kweli.

   Pima mwenyewe: kutoka mpira wa unyayo hadi chini ya kifundo, tuseme sentimita 13, kutoka hapo hadi kano ya kisigino, sentimita 5. Msuli wa shavu umeshikwa juu kwenye mguu na paja la mtu yule yule anayenyanyuliwa. Unapovuta kisigino juu, unausukuma pia mfupa wa mguu chini kwa nguvu ile ile. Mzigo kwenye kifundo unakuwa uzito wa mwili pamoja na mvuto wa msuli. Hesabu kwa kuzunguka kifundo: uzito mara 13 ni sawa na jitihada mara 5. Jitihada ni mara 2.6 ya uzito. Mchezaji wa kilo 60 anayepanda kwa mguu mmoja anaivuta kano yake kwa karibu kilo 156. Toroli halina tatizo hili kwa sababu anayelinyanyua hajapanda ndani yake.

   Matumizi: mchezaji mpya aanze kupanda kwa miguu miwili, mara 12 kwa seti 3, taratibu. Mguu mmoja usubiri hadi aweze seti hizo bila maumivu. Na wale mnaofanyia mazoezi ufukweni Shangani au Mikindani, kimbieni bahari ikipwa, kwenye mchanga mbichi uliokazana. Kwenye mchanga mkavu egemeo linazama kila hatua, na shavu la mguu hulipa gharama yote.

10. Pushapu. Mkono mmoja uwe juu ya mizani ya kusimamia, mwingine juu ya kipande cha mbao chenye kimo sawa. Mwili unyooke, mikono imenyooka, atulie sekunde 5. Zidisha usomaji kwa mbili. Kwa wengi utakuwa karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili. Akipiga magoti unashuka hadi karibu nusu. Mikono ikiwekwa juu ya benchi unapungua, miguu ikiwekwa juu ya benchi unaongezeka. Kwa hiyo usimpe asiyeweza pushapu amri ya "jitahidi". Msogezee egemeo: aanzie kwenye benchi, ashuke kwenye magoti, kisha vidole.

11. Kiuno. Misuli ya mgongo wa chini ina umbali wa takriban sentimita 5 tu kutoka kwenye pingili. Ndoo ya lita 20 ikiwa sentimita 40 mbele ya kiuno inadai mvuto wa kilo 160 kutoka misuli hiyo, pamoja na kinachohitajika kubeba kiwiliwili chenyewe. Ikisogezwa hadi sentimita 20, inadai 80. Mfundishe kila mchezaji kusimama karibu na mzigo, miguu ikiwa pande zake mbili, kabla ya kunyanyua. Msimu wa korosho vijana wengi wanashinda kwenye maghala wakibeba magunia. Waulize kabla ya mazoezi, na aliyebeba siku hiyo asinyanyue vyuma jioni.

Sehemu ya tatu: kurekebisha ufundi

12. Tufe. Hakikisha uzito kwanza: wanaume wakubwa kilo 7.26, wanawake kilo 4, wavulana chini ya miaka 18 kilo 5, wasichana chini ya 18 kilo 3. Kwa watoto wadogo tumia pungufu ya hapo.

    Tufe likae kwenye mzizi wa vidole, liguse shingo chini ya taya, kiwiko kikiwa juu na nyuma ya tufe. Likiwa shingoni umbali wake kutoka begani ni mdogo, na miguu na nyonga zinaweza kuligeuza kwa urahisi. Mwanzoni nyenzo iwe fupi. Mpangilio ni miguu, nyonga, kifua, bega, kiwiko, kiganja. Nyenzo inarefuka mwishoni tu, wakati tayari kuna kasi.

    Kosa kubwa ni kiwiko kuanguka na tufe kurudi nyuma ya bega, kijana akilirusha kama jiwe la kuangushia embe. Hapo ule msuli wenye sentimita 2 unabeba kila kitu, na kiwiko huumia kwa ndani. Simamisha zoezi mara moja. Mrudishe kusukuma tufe akiwa amesimama akitazama mbele, mikono miwili kifuani, mara 6, kisha mkono mmoja.

13. Wavu na netiboli. Kwenye kupiga mpira wa wavu kiwiko kinakunjwa wakati mkono unakuja, na kinanyooka unapogusa mpira. Mkono ukizunguka kwa kasi ile ile, kiganja kilicho sentimita 60 kutoka begani kinakwenda mara moja na nusu ya kilicho sentimita 40. Rekodi kwa simu ukiwa pembeni: kiwiko kikionekana kimekunjwa wakati wa kugusa, anagusa mpira umeshashuka mno au yupo chini yake. Mfungaji wa netiboli hahitaji kasi hiyo. Kwake kiwiko kiwe chini ya mpira, mbele ya bega, apate usahihi.

14. Kukimbia na kupiga mpira wa miguu. Mguu unaorudi mbele ukunjwe mpaka kisigino kipite karibu na kimo cha goti la mguu uliosimama. Uzito wa unyayo na mguu wa chini unasogea karibu na nyonga, na mguu unageuka haraka kwa jitihada ile ile. Zoezi: mita 20, mara 4, kwa mwendo wa kati, ukirekodi. Mpigaji mpira hufanya vivyo hivyo, anakunja goti nyuma na kunyoosha anapofika kwenye mpira. Mfupa wa pia ya goti unamsaidia, kwa sababu unasukuma kano mbele na kuiongezea umbali kutoka kwenye kiungo.

Na yule kijana wa mikono mirefu? Ncha ya mkono wake itakwenda kasi kama ana misuli ya kuuanzisha. Mwanzishe na mkuki mwepesi (kiwango cha wanawake wakubwa ni gramu 600, wanaume gramu 800) na umjenge miguu na nyonga. Kwenye pushapu na kunyanyua atakuwa nyuma ya mwenye mikono mifupi mwenye nguvu sawa naye, na hiyo isihesabiwe kuwa uvivu.

Mambo yakienda kombo

*Mizani inasoma zaidi ya kilo 8 kwenye tundu la kwanza.* Angalia kama mshipi umelala badala ya kuwa wima. Kisha pima upya sentimita 4: tundu likiwa kwenye 3.5 utasoma zaidi ya kilo 9.

*Usomaji ni mdogo kuliko unavyotarajiwa.* Chupa haikujaa, au imening'inizwa ndani ya sentimita 32, au kigasha kimeshuka hadi mshipi ukagusa boliti au mbao. Kigasha kilichoinama huku mshipi ukivutwa wima hakibadilishi uwiano, ila mshipi ukiegemea boliti au mbao unabeba sehemu ya mzigo.

*Kila anayevuta anapata namba tofauti.* Boliti imekazwa mno. Legeza, paka mafuta kidogo ya cherehani. Soma wakati mizani imetulia, si wakati inapanda.

*Mizani hairudi sifuri.* Springi imechoka. Andika namba inayoonyesha bila mzigo na uitoe kila mara. Ikizidi nusu kilo, azima nyingine.

*Usomaji wa pushapu unarukaruka.* Mchezaji anapumua kwa nguvu au kiuno kimelegea. Kiuno kikining'inia kipimo hakifai, apumzike dakika 2 na arudie.

*Mchezaji ananyoosha mkono mapema kwenye tufe hata baada ya kuelekezwa.* Mara nyingi tufe ni zito kwake. Mpe pungufu kwa kilo 1 kwa mazoezi matatu au manne, kisha mrudishe.

*Kisigino kinauma asubuhi baada ya mazoezi ya shavu la mguu.* Rudi kwenye miguu miwili na punguza seti hadi 1. Kikiuma zaidi ya wiki, au kukisikika mlio wa ghafla na mchezaji akashindwa kusimama kwa vidole, asikandwe wala kuchuliwa: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kano inaweza kuwa imekatika.